UZI: Mpwa wangu alisambaza video inayomshtaki binamu yake. Historia ya njama katika siasa za mrengo wa kulia

#1 MwalimuWaKatuba

Jambo zenu, wakubwa kwa wadogo.

Jumapili iliyopita mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alituma video kwenye kikundi cha familia. Mfaransa amevaa suti, anaeleza kwa utulivu kwamba Ulaya inavamiwa: wakubwa fulani wameketi mahali wakapanga kuwaondoa wenyeji polepole na kuijaza nchi watu wengine. Mpwa wangu akaandika chini yake, "Muone vile dunia inaendeshwa na watu wachache." Shangazi zake wakaipigia makofi. Hakuna aliyeuliza hao watu wengine ni akina nani. Ni sisi. Ni binamu yake anayeosha vyombo kule Liège, Ubelgiji. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, amesambaza, kwa moyo mweupe, maneno yanayosema kwamba binamu yake ni silaha ya kuliua taifa la watu.

Sikumjibu kikundini. Kijana akiaibishwa mbele ya shangazi zake hasikii tena lolote. Nilimwita nyumbani, tukakaa mpaka umeme ukakatika, tukaendelea gizani. Niliyomweleza ndiyo ninayoyaweka hapa, kwa sababu video za namna hiyo zinazidi na vijana wetu hawajui zimetoka wapi. Nafundisha historia sekondari. Mambo haya yana ukoo mrefu.

Kwanza tuelewane. Siasa za populizimu husema: sisi wananchi wa kweli tuko chini, vigogo wako juu, wametusaliti. Ikiishia hapo inaweza kuwa ya mrengo wowote, na mara nyingi ina haki, maana vigogo husaliti kweli. Ile ya mrengo wa kulia humwongeza mtu wa tatu. Inasema vigogo wameshikana mikono na wageni, au na dini fulani, au na kabila fulani, na kwamba huyo wa tatu analelewa kwa jasho lako. Hapo ndipo njama inapohitajika. Bila njama huwezi kueleza kwa nini tajiri mwenye benki na mkimbizi asiye na viatu wawe upande mmoja.

#2 MwalimuWaKatuba

Hapa mjini kila mtu amesikia habari za Illuminati: kwenye mahubiri, kwenye mazungumzo ya wanamuziki, mpaka ndani ya taxi-bus. Basi tuanze nao. Walikuwepo kweli, chama cha siri. Adam Weishaupt, profesa wa sheria katika mji wa Ingolstadt, Bavaria, aliwaanzisha tarehe 1 Mei 1776. Watawala wa Bavaria wakawapiga marufuku, na kufikia 1785 chama kilikuwa kimevunjwa. Hakikutimiza miaka kumi.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Mfalme alikatwa kichwa, Kanisa likanyang'anywa mali. Waliopoteza kila kitu walitaka maelezo, na mwaka 1797 padre Mfaransa aliyekimbilia London, Augustin Barruel, akawapa: Mapinduzi hayakuletwa na madeni ya mfalme wala bei ya mkate, yalipangwa gizani na Illuminati na Wamasoni (Freemason), chama kingine cha siri. Mwaka huohuo Mskoti John Robison akatoa kitabu chenye hoja kama hiyo. Vitabu vikavuka bahari. Tarehe 9 Mei 1798 mchungaji Jedidiah Morse alipanda mimbarini Boston akawaambia Wamarekani kwamba Illuminati wameshaingia nchini mwao. Yeye alikuwa upande wa chama cha Federalist. Walioshukiwa walikuwa wafuasi wa Thomas Jefferson. Alipodaiwa ushahidi, ule aliotoa haukusimama.

Sasa sikilizeni ukoo. Huyu mchungaji alikuwa na mtoto, Samuel Morse, yule wa telegrafu na alfabeti ya nukta na vistari. Baba aliogopa Illuminati, mtoto akaogopa Wakatoliki. Mwaka 1835 alichapisha kitabu cha kusema kwamba wahamiaji Wakatoliki wanamiminwa Marekani na watawala wa Austria wakisaidiana na Wajesuti, ili uhuru wa nchi uangushwe. Mwaka 1836 akagombea umeya wa New York kwa hofu hiyohiyo, akashindwa vibaya. Lakini maneno ya namna hiyo yalikuwa tayari yamefanya kazi. Agosti 1834 umati ulikuwa umeichoma nyumba ya watawa wa Ursula huko Charlestown, mji uleule ambao baba yake alikuwa mchungaji wake.

Ninyi mliosoma kwa masista, mliolelewa parokiani: waliochomewa nyumba walikuwa watu wa imani yenu.

#3 MwalimuWaKatuba

Miaka ya 1850 hofu hiyo ikawa chama kizima. Wanachama walikula kiapo cha siri, na akiulizwa, kila mmoja alijibu kwamba hajui kitu. Jina la Know Nothing likawashika. Walioogopa vyama vya siri walikuwa wenyewe chama cha siri. Mwaka 1854 walichukua karibu viti vyote vya bunge la Massachusetts. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya kura mjini Louisville, wahamiaji Wakatoliki walizuiwa kupiga kura, nyumba zikachomwa, wakafa watu wasiopungua 22. Mwaka uliofuata mgombea wao wa urais, Millard Fillmore, alipata jimbo moja tu, Maryland, na chama kikayeyuka katika ugomvi juu ya utumwa.

Twende Ufaransa, maana hapo nataka tukae kidogo.

Mwaka 1882 benki moja ya Wakatoliki, Union Générale, ilianguka. Ilikuwa imecheza kamari na hisa. Waumini wengi walipoteza akiba yao, na uchungu huo ulikuwa wa kweli kabisa. Wakaambiwa ni matajiri wa Kiyahudi walioiangusha makusudi. Mwaka 1886 mwandishi wa habari Édouard Drumont akatoa kitabu kinene cha kusema Wayahudi wameinunua Ufaransa, nacho kikauzwa kama mkate.

Mwaka 1894 kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alihukumiwa kwa kosa la kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, akapelekwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guyana. Hakuwa na hatia. Ushahidi ulipoanza kupwaya, ofisa mmoja wa jeshi, Hubert Henry, alitengeneza barua ya bandia mwaka 1896 ili kuukaza. Agosti 1898 ikagunduliwa: ilikuwa vipande vya karatasi mbili vilivyogundishwa, na mistari yake haikufanana rangi. Henry akakiri, akajikata koo kizuizini.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Gazeti la Drumont likafungua mchango kwa ajili ya mjane wa Henry. Watu wapatao 25,000 walitoa, zikapatikana zaidi ya faranga 130,000. Mapadre walitoa, maofisa walitoa, wanafunzi na mafundi walitoa, na wengi waliambatanisha matusi juu ya Wayahudi. Mwandishi Charles Maurras aliitetea barua ile ya bandia kama tendo la kizalendo.

Nimelifundisha tukio hili miaka mingi na bado linanitisha. Uongo ulipothibitishwa kuwa uongo, imani haikupungua hata kidogo. Ilichangiwa pesa.

Dreyfus alisafishwa na mahakama mwaka 1906, miaka 12 baada ya hukumu.

#4 FundiMoteri

Mwalimu, aksanti, lakini miye sikubali yote. Njama iko! Lumumba njo nani alimuua? Hapa kwetu, hapa karibu. Serikali ya Katanga ilisema ni batu ba kijiji. Bongo mutupu. Baba yangu alikuwa anasema tangu zamani ni Babelge, na batu balikuwa banamuita mwenda wazimu. Leo mutu akisema kuna njama, munamuita mujinga?

#5 MwalimuWaKatuba

Fundi, baba yako alikuwa na haki, na swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Hata mpwa wangu aliniuliza hilohilo, pale gizani.

Tuliweke mezani. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege mpaka uwanja wa Luano. Walipigwa, wakafungiwa katika nyumba ya Brouwez, na usiku uleule wakapigwa risasi porini kule Shilatembo, maofisa Wabelgiji wakiwepo. Februari waziri wa Katanga iliyokuwa imejitenga, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba walitoroka na wanakijiji wakawaua. Hiyo ilikuwa habari rasmi, na ilikuwa ya uongo.

Ilibomoka namna gani? Kwa karatasi, kwa majina, kwa watu waliokiri. Mwaka 1975 kamati ya seneta Mmarekani Frank Church ilionyesha kwamba CIA ilimtuma mkemia wake, Sidney Gottlieb, mpaka Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1960 akiwa na sumu ya kumuua. Polisi Mbelgiji Gerard Soete alikiri kwa kinywa chake kwamba alishiriki kuikatakata miili na kuiyeyusha kwa tindikali. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikasema mawaziri wa nchi ile wana wajibu wa kimaadili. Mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Juni 2022 jino la Lumumba likarudishwa kwa familia.

Sasa angalia, fundi. Kadiri walivyochimba, njama ya kumuua Lumumba ilizidi kuwa ndogo na ngumu kama jiwe. Watu wanaohesabika, wenye majina na vyeo. Ndege moja. Nyumba moja ambayo unaweza kwenda kuitazama. Usiku mmoja. Ungeweza kuwaita mahakamani. Ile ya Drumont ilifanya kinyume: kila ilipochimbwa ilipanuka. Barua ikionekana ya bandia, basi majaji wamenunuliwa. Majaji wakionekana safi, basi walimu, magazeti, rais, wote wamenunuliwa. Mwisho mshtakiwa si mtu tena, ni ukoo mzima, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Kwa hiyo simwambii kijana asishuku serikali. Namwambia aulize: je, hii njama inanipa watu wa kuwashtaki, au inanipa watu wa kuwafukuza?

#6 Tshangalele

Na Hammarskjöld? Ile ndege ya Ndola. Hapo unasemaje, Mwalimu?

#7 MwalimuWaKatuba

Hapo nasubiri. Ndege ya Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, naye akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga. Walikuwa watu 16, hakuna aliyepona. Umoja wa Mataifa umemkabidhi uchunguzi jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania. Ameandika kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na ndege nyingine, na kwamba nchi kadhaa zenye nyaraka hazijazitoa zote. Hajaruka hatua hata moja zaidi ya hapo. Anashuku serikali kubwa za dunia, tena hadharani, bila kumtukana mtu yeyote. Ningependa wanafunzi wangu wote waandike hivyo.

#8 MzeeKamalondo

Vijana, nilikuwa na miaka 11 ONU (Umoja wa Mataifa) ilipopigana hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Nakumbuka kambi ya wakimbizi Baluba, mahema na vibanda mpaka macho yanaishia. Wazungu wa mjini walikuwa wakisema ONU ni ya wakomunisti, na kwamba wakubwa wa Washington wenyewe wameuzwa. Baba alikuwa mpishi kwao, alisikia kila jioni mezani. Hayo maneno yalitoka wapi?

#9 MwalimuWaKatuba

Mzee, heshima kwako. Yalitoka mbali.

Mwaka 1903 gazeti moja la Urusi lilichapisha maandishi yaliyojidai kuwa kumbukumbu za mkutano wa siri wa wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Wengi mmeyaona, hata leo yanapita kwenye simu kama PDF. Mwaka 1921 gazeti The Times la London lilionyesha, aya kwa aya, kwamba yameibwa katika kitabu cha Maurice Joly cha 1864, kilichomshambulia Napoleon III na hakikuwa na habari za Wayahudi. Tajiri wa magari Henry Ford alikuwa akiyaeneza katika gazeti lake. Aliomba radhi mwaka 1927. Na Hitler aliandika kwamba magazeti yanavyopiga kelele kuwa maandishi hayo ni bandia ndiyo dalili bora kwamba ni ya kweli. Mnamsikia mjane wa Henry hapo? Mlango uleule.

Ujerumani walikuwa tayari na uchungu wa kuutafutia mwenyewe. Tarehe 29 Septemba 1918 jenerali Ludendorff ndiye aliyewaambia wakubwa wake waombe vita visimame. Novemba 1919 jemadari Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya bunge akasema jeshi lilichomwa kisu mgongoni. Majenerali walioshindwa wakanawa mikono, lawama zikawaangukia raia waliotumwa kutia sahihi, pamoja na wasoshalisti na Wayahudi. Matthias Erzberger, aliyetia sahihi, aliuawa mwaka 1921. Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje na Myahudi, aliuawa mwaka 1922. Yaliyofuata baada ya 1933 mnayajua.

Sasa nafika mezani kwa bwana wa baba yako, mzee. Tarehe 9 Februari 1950, mjini Wheeling, seneta Joseph McCarthy aliinua karatasi akasema ana majina ya wakomunisti 205 katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Siku iliyofuata wakawa 57. Ndani ya Seneti wakawa 81. Majasusi wa Kisovieti walikuwepo kweli Marekani, lakini waliowanasa walikuwa wachunguzi waliofanya kazi kimyakimya, si yeye. Seneti ilimkemea rasmi mwaka 1954, baada ya watu wengi kupoteza kazi.

Mwaka 1958 tajiri wa peremende, Robert Welch, alianzisha John Birch Society. Huyu aliandika kwamba hata rais Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi dhidi ya Hitler, ni wakala wa wakomunisti. Kampeni yao kubwa ilikuwa kuitaka Marekani itoke ONU. Basi ONU ilipopambana na askari wa Tshombe mwaka 1961, mrengo ule ulipata kisa chake: Katanga ya Kikristo inasulubiwa na ONU ya kikomunisti. Kamati ya kuwasaidia "wapigania uhuru wa Katanga" ikaundwa Marekani mwaka uleule. Mji wetu ukawa mfano katika ugomvi wa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kamalondo. Katika hadithi yao hapakuwa na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi. Hapakuwa na mukuba, yaani shaba. Na ile kambi ya Baluba uliyoiona wewe kwa macho yako, hapakuwa na nafasi yake.

#10 BintiLikasi

Mmesema ya Ufaransa na Ujerumani, nami nasoma huku moyo unanidunda. Mniruhusu niseme ya kwetu.

Nilizaliwa Likasi. Baba na mama walizaliwa hukuhuku. Babu ndiye aliyetoka Kasai, akaletwa na Mbelgiji kwa kazi ya reli. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa. Agosti ile Mkutano wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na kwetu huku mambo yakageuka. Kwenye mikutano tukaitwa bilulu. Wadudu. Ilisemwa kwamba Wakasai wamepanga tangu zamani: wamejaza ofisi, wanapeana vyeo kwa siri, wanataka kuimeza Katanga, na njaa iliyopo ni kazi yao.

Kulikuwa na chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoshika moto. Wakasai wengi walikuwa makarani na mafundi, kwa sababu Mbelgiji aliwaleta kwa kusudi hilo. Lakini mshahara wa baba ulikuwa umekufa sawasawa na wa jirani yetu. Noti za zaire zilibebwa kwa mfuko kwenda kununua unga, na unga haukumuuliza mtu kabila.

Tulilala kwenye stesheni ya Likasi miezi mitano, sisi na maelfu ya wengine, tukingoja treni. Mama aliuza cherehani yake kwa ndoo ya unga. Mdogo wangu alikufa kwa surua palepale, tukamzika, treni ikaja wiki iliyofuata. Tulishukia Mwene-Ditu, mji ambao baba alikuwa hajawahi kuuona maishani mwake, na watu wa kule wakatuita Wakatanga.

Kitu ambacho sijawahi kukiandika popote ni hiki. Aliyenitoa darasani alikuwa mwalimu wangu, na nilimpenda. Hakupiga kelele. Alinishika bega akanipeleka mlangoni, akasema, "Mtoto, si kosa lako, ni yale wakubwa wenu wamepanga." Aliamini. Machozi yalikuwa yanamtoka na aliamini.

#11 MwalimuWaKatuba

BintiLikasi, dada yangu, pole. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu.

Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi hapa mjini. Niliimba nyimbo zile barabarani pamoja na wenzangu. Sikumfukuza mtu, lakini niliimba. Nakuomba msamaha wewe, na mama yako kama yupo.

#12 BintiLikasi

Yupo. Nitamsomea.

#13 DadaWaHimbi

Niko Goma. Naongeza moja halafu natoka. Mwaka 2018 Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, watafiti waliwauliza watu 961. Mmoja katika kila wanne alisema ugonjwa haupo. Kisha Desemba ile kura za Beni na Butembo zikaahirishwa mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati nchi nzima ilipiga kura tarehe 30 Desemba na rais mpya akaapishwa bila wao. Kwa hiyo walioambiwa "Ebola ni ya kisiasa" waliona kwa macho Ebola ikitumika kisiasa. Wanasiasa waliipanda hofu hiyo ili wavune kura. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Waliokufa kwa ugonjwa wenyewe walizidi 2,200. Nilikuwa nikinawisha watu mikono barabarani Goma mwaka ule. Wazee walioniuliza maswali makali niliweza kuzungumza nao. Walionishinda ni wale waliokuwa na jibu la kila swali.

#14 Mpita_Njia

Lakini Mwalimu, kwa nini mrengo wa kulia tu? Wa kushoto hawana njama zao?

#15 MwalimuWaKatuba

Wanazo. Stalin aliua watu wasiohesabika kwa njama za kubuni, na Januari 1953 magazeti yake yaliwashtaki madaktari, wengi wao Wayahudi, kwamba wanawaua viongozi kwa dawa. Alipokufa Machi, serikali yake yenyewe ikakiri kwamba kesi ilikuwa ya kutengenezwa. Nimechagua mrengo wa kulia kwa sababu video ya mpwa wangu ilitoka huko, na kwa sababu huko ndiko mgeni na mwenye damu nyingine wanapowekwa katikati ya hadithi. Na sisi, popote tunapokwenda, ndio wageni.

Basi niimalizie hiyo video. Mwaka 2011 mwandishi Mfaransa, Renaud Camus, alitoa kitabu kilichoipa jina nadharia ya kubadilishwa kwa watu: kwamba vigogo wanawaondoa Wazungu na kuwaweka Waafrika na Waarabu. Wahamiaji wapo kweli, na nchi ina haki ya kubishana juu ya sheria za mpaka wake. Kilichoongezwa ni kusudi: kwamba kuna mtu aliyepanga. Ni hesabu ileile ya Samuel Morse ya 1835, Mkatoliki ametolewa, umewekwa wewe.

Tarehe 15 Machi 2019, kule Christchurch, New Zealand, mtu aliyeyapa maandishi yake jina la nadharia hiyo aliua waumini 51 misikitini. Mei 2022, mjini Buffalo, mwingine mwenye imani hiyo aliua Wamarekani weusi 10 waliokwenda kununua chakula. Mwezi mmoja kabla ya hapo Éric Zemmour, aliyeifanya nadharia hiyo kuwa wimbo wa kampeni yake ya urais Ufaransa, alikuwa amepata asilimia 7 ya kura.

Na haikubaki Ulaya. Tarehe 21 Februari 2023 rais wa Tunisia, Kais Saied, alisema kuna mpango wa kihalifu wa kubadilisha wakazi wa nchi yake kwa kuleta watu kutoka kusini mwa Sahara. Zemmour akamsifu. Wiki ileile watu weusi walitupwa nje ya nyumba za kupanga, wakapigwa mitaani. Guinea, Côte d'Ivoire na Mali zikaleta ndege kuchukua raia wao. Wakongo walikuwemo mitaani humo. Kila mtu hapa anamjua mtu mwenye mtoto aliyekuwa akisoma Tunis.

Marekani ilikuwa na lake juu ya Obama. Alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya mji ule yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi uleule. Hata hivyo Donald Trump alizunguka mwaka 2011 akidai cheti, kana kwamba mtoto wa Mluo hawezi kuwa Mmarekani. Cheti kamili kikatolewa tarehe 27 Aprili mwaka huo. Walioamini wakasema cheti ni cha bandia. Trump mwenyewe alikubali Septemba 2016, miaka mitano baadaye, wiki chache kabla ya kuchaguliwa. Aliposhindwa mwaka 2020 alidai kura zimeibwa. Kesi zaidi ya 60 zikaanguka mahakamani, na tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wake wakavamia bunge.

Septemba 2024, kwenye mdahalo, alisema Wahaiti wa mji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Viongozi wa mji walikanusha. Vitisho vya mabomu vikafungisha shule.

#16 MzeeKamalondo

Wahaiti? Baada ya uhuru, Wabelgiji walipokimbia na shule zikabaki bila walimu, ni Wahaiti waliokuja kufundisha Kongo. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa Mhaiti. Alivaa tai kila siku, hata wakati wa joto la Oktoba. Alinifundisha sehemu na desimali, na alikuwa akitushirikisha karanga zake. Nimehuzunika sana kusoma haya.

#17 FundiMoteri

Mwalimu, na kijana? Alisema nini mwisho?

#18 MwalimuWaKatuba

Usiku ule hakusema neno, fundi. Aliaga akaenda.

Jana jioni alirudi. Alikuwa amempigia binamu yake Liège kumuuliza kama amewahi kuiona ile video. Binamu akamjibu ndiyo, anaijua karibu mwaka wa pili sasa: jikoni anakofanya kazi wenzake wawili huiweka kwenye simu wakati wa mapumziko, sauti juu, yeye akiwa palepale kwenye sinki. Aliiona pia siku mpwa wangu alipoituma kwenye kikundi chetu. Hakuandika kitu kwa sababu mama yake yumo kikundini, na hakutaka ajue.